Fungua Huo Mkanda Kabla Hujapanda Mlima

Mwanangu Felista,

Pokea salamu za mama yako. Najua utacheka, utasema mama kachanganyikiwa, ananisalimia kwa barua wakati asubuhi tumekunywa chai meza moja. Lakini mimi sijui kuanza barua bila salamu, na shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nivumilie hata pale mwandiko unapopanda na kushuka.

Baba yako anakusalimia. Hajanituma, ila anakusalimia. Tangu asubuhi yuko kwenye kahawa anapogoa matawi ambayo hayana shida yoyote, na kila nikimpita ananiuliza, "Soksi nzito amepata?" halafu anageukia mti wake kama siye aliyeuliza. Bibi yako anakusalimia, anasema shikamoo yako ya leo aliisikia vizuri, hakuitikia kwa sababu alikuwa analia na hakutaka ujue. Kaka yako Deo anakusalimia, kesho ameahidi kukupeleka mpaka barabarani kwa pikipiki yake, na ameapa hatakutania njia nzima, jambo ambalo mimi siliamini. Neema anakusalimia kwa namna yake. Amevaa kandambili zako anazunguka nazo uani, anaanguka, anainuka, hataki kushikwa mkono. Mama Kalisti jirani yetu amepita kuleta ndizi za njiani, naye anakusalimia. Baba yake Neema simtaji, ulishanikataza.

Sisi sote ni wazima, na tungekuwa wazima zaidi kama roho yangu ingetulia.

Wewe umekwenda Mwika kumuaga shangazi yako. Nimefunga mlango wa chumba, nimekaa kitandani na karatasi za daftari la zamani, na ninaandika haraka maana nataka niwe nimemaliza kabla hujarudi. Nikimaliza nitaikunja na kuiweka ndani ya ule mkanda wako wa tumbo, ule mpana wa mpira ulioununua mtumbani, uliouweka juu ya sweta kwa ajili ya kesho. Nimechagua hapo kwa makusudi. Alfajiri ndicho kitu cha kwanza utakachokishika. Ukiikuta karatasi usije ukaniangalia usoni, mimi nitashindwa. Itie mfukoni, uisome ukiwa njiani kwenda mjini.

Habari za nguo za baridi, mafuta ya midomo na chakula cha Neema tumeshazimaliza, sitazirudia. Nakuandikia habari ya mkojo.

Basi, nimeliandika. Kwa mdomo limenishinda. Juzi tukimenya ndizi za mtori nilianza, nikakuuliza kama unajisikia vizuri mwilini, ukaniambia, "Mama, mimi siyo mgonjwa," na kisu chako kikaenda mbio zaidi. Jana tena nilikufuata kisimani na neno mdomoni, nikaishia kukuuliza kama umeona ndoo ya bluu. Ndoo ya bluu nilikuwa nimeishika mimi.

Mwanangu, nimeziona zile kanga. Unazifua kabla watu hawajaamka, unazianika kule nyuma ya migomba ambako mtu hapiti. Siku ile nilipokukuta nazo ukaniambia ni jasho. Mimi sikubisha. Nilirudi ndani nikakaa, maana neno hilo ni langu. Mimi nimesema "ni jasho" tangu wewe hujaanza shule. Nimemwambia hivyo baba yako, nimewaambia wenzangu, nimejiambia na mimi mwenyewe.

Halafu Jumamosi, pale uani. Uliposema unajipima nguvu kabla ya kwenda, ukalisogeza lile gunia la mahindi katikati ya uwanja. Deo alikuwa amekaa juu ya pikipiki anatafuna muwa.

"Mgumu wa kike huyo!" akasema, kwa lile jina la wabeba mizigo wa mlimani. "Wageni wakikuona watakuonea huruma, watakubeba wewe."

"Nyamaza wewe. Dumu la maji tu unalipakia kwenye pikipiki."

"Mimi nina akili, dada. Wewe una shingo."

Ukacheka, ukachuchumaa. Ukavuta pumzi mpaka mabega yakafika masikioni, ukaifungia humo humo, mashavu yakavimba, uso ukaiva, ukainuka na gunia. Deo akatupa muwa akapiga makofi. Hata baba yako, aliyesema binti wa nyumba hii hatawabebea watu mizigo mlimani, akapiga mluzi. Nikajua siku ile amekubali uende. Kila mtu alikuwa anatazama gunia. Mimi nilikuwa natazama miguu yako. Ulipolitua hukusimama kucheka nao. Ulipita nyuma ya banda la ng'ombe, na uliporudi ulikuwa umevaa kanga nyingine.

Na kuinua kule, Felista, nilikufundisha mimi.

Unakumbuka majanini. Ulikuwa bado mdogo nilipoanza kwenda na wewe tambarare kukata majani ya ng'ombe. Kule mtu hajitwishi mwenyewe. Unachuchumaa, wenzako wawili wanashika mzigo huku na huku, na wote wanapiga kelele, "Bana! Bana pumzi! Haya!" Unavuta hewa, unaifunga, unakaza tumbo, unainuka nayo, na huiachii mpaka mzigo umekaa sawa kichwani. Na anayetoa pumzi katikati wanamcheka mpaka nyumbani. Mama Kalisti ndiye aliyekuwa fundi wa maneno hayo. "Amepumua huyo! Amepumua! Mtwisheni kikapu cha mayai!" Tulikuwa tunacheka na machozi. Kupumua ulikuwa ndio ulegevu wenyewe. Mimi nilijivunia kwamba binti yangu hapumui.

Na ulipojifungua Neema, aliyekufunga tumbo ni mimi. Siyo mkunga, siyo nesi. Hospitali walikuruhusu asubuhi, jioni ulikuwa kitandani kwangu, umeshiba mtori, na mimi nimekuja na kanga mbili. Nilikuegemeza, nikaweka goti langu kiunoni mwako nikavuta. Bibi yako amesimama mlangoni anasimamia. "Vuta, vuta, lisije likabaki tumbo la chura." Wewe ukasema, kwa sauti ndogo, "Mama, nasikia kama kuna kitu kinasukumwa chini." Nikakujibu, "Ni tumbo linarudi mahali pake." Nikavuta tena.

Uliniambia, mwanangu. Siku ya kwanza kabisa uliniambia, na mimi nikakujibu jibu ambalo bibi yako alinijibu mimi.

Majirani waliokuja kukuona uzazi waliingia wakakushika tumbo, wakasema, "Huyu amefungwa na mtu anayejua." Niliwapa pombe ya mbege nikiwa nimevimba kichwa. Na wewe ukaipenda sifa ile, ukaendelea kujifunga. Kanga zilipokuchosha ukanunua mkanda. Sasa Neema anatembea, na mkanda bado uko kiunoni mwako, na kesho unaondoka nao kwenda kubeba mzigo wa watu kwenye mwinuko.

Nisikilize sasa nikuambie yangu, maana hujawahi kuyasikia.

Wewe na Deo mnakumbuka mama yenu alikuwa kwaya. Mnakumbuka pia niliacha. Watu walisema nimenuna kwa sababu sehemu ya kuimba peke yangu alipewa mwingine. Uliniuliza hata wewe, ulikuwa na miaka kama kumi, ukasema, "Mama, kwa nini umenuna na kanisa?" nikakufukuza ukachote maji. Sikununa. Tulikuwa mazoezini tunajiandaa na Pasaka, tumesimama mstari wa mbele, na kuna mahali wimbo unapanda ghafla na sauti ya kwanza wanatakiwa waushike na kuushikilia. Nikaushika. Na pale pale nikasikia maji ya moto yanashuka miguuni. Sikuweza kuyazuia, mwanangu, nilikaza kila kitu ninachojua kukaza na yaliendelea kushuka. Nilisimama hivyo hivyo mpaka mwisho wa wimbo. Nikasubiri wote watoke, nikapangusa sakafu ya kanisa kwa kitambaa changu cha kichwa. Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani kuniuliza. Nikamwambia koo linaniuma. Aliposikia watu wanasema nimenuna akarudi kuuliza kama ni kweli, nikamjibu, "Sawa, nimenuna." Niliona afadhali wanione nina kiburi.

Toka hapo sikuimba tena, na mwili wangu nikaupangia kazi ya kuficha. Safari ndefu siendi. Msibani nakaa karibu na mlango. Maji ya kunywa nayapima. Kucheka nacheka nusu. Baba yako anadhani nimezeeka mapema. Hajui. Miaka yote hii hajui, na tunalala kitanda kimoja.

Na tumbo nilizidi kulibana, maana nilifikiri dawa ya kinachovuja ni kukaza. Asubuhi nikiamka nalivuta ndani, usiku ndiyo naliachia, na hata usiku sidhani kama lilikuwa linaachia.

Bibi yako nisimseme sana, ni mama mkwe wangu na ni mtu mzima. Ila mimi ndiye ninayemwogesha sasa, kwa hiyo naona. Kizazi chake kimeshuka. Akisimama muda mrefu anakishika kwa mkono juu ya nguo, ananiambia, "Ndio uzazi wenyewe huo, mke wa mwanangu, na wewe utafika." Ananiambia kwa upendo kabisa. Siku niliyomsikia akisema hivyo huku wewe uko uani unacheza na Neema, nilitamani kuziba masikio yako kwa mikono yangu.

Mwaka huu nilipokwenda hospitali mjini kwa ajili ya mgongo, mlidhani walinipa vidonge tu. Walinipeleka chumba cha mazoezi ya viungo, wenyewe wanaita fiziotherapia. Nikamkuta binti wa rika lako, amesuka, amevaa raba. Nikajisemea moyoni, nimepanda gari kutoka Marangu kuja kuchezewa na mtoto. Akanilaza, akaweka mikono yake miwili kwenye mbavu zangu za chini.

"Mama, vuta pumzi kama kawaida yako."

Nikavuta.

"Hiyo ndiyo kawaida?"

"Ndiyo."

"Mabega yamepanda, mbavu zimelala tu. Na tumbo umelificha wapi, mama?"

Nikamwambia tumbo la mwanamke mwenye heshima halitokezi. Akacheka, lakini siyo kwa dharau. "Hapa hakuna mgeni, mama yangu. Liachie." Felista, sikuweza. Nilitaka kuliachia likakataa. Nililala pale, mtu mzima, natoka jasho kwa sababu nimeambiwa nilegeze tumbo na sijui linalegezwaje.

Halafu akaniuliza, anaangalia pembeni kama anauliza bei ya nyanya, "Mama, ukicheka mkojo unatoka?"

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nawauliza wote."

"Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kidogo kama kubadilisha nguo," nikasema, na nikaanza kulia, na nilivyolia ukatoka, na nikamwambia, "Kama hivi sasa." Tukacheka wote wawili, ikawa mbaya zaidi.

Alinieleza mambo ambayo nakuandikia kama nilivyoyashika mimi, siyo kama alivyoyasema yeye. Chini ya mapafu kuna nyama pana imetandazwa kutoka ubavu mpaka ubavu, inaitwa kiwambo. Ukivuta pumzi inashuka. Ikishuka, vya tumboni vinahitaji nafasi, ndiyo maana tumbo na mbavu vinatakiwa vifunguke. Na chini kabisa, pale tunapokalia, kuna nyama nyingine imetandazwa kama sakafu, inashikilia kibofu na kizazi na haja kubwa. Anaiita sakafu ya nyonga. Hizo mbili zinakwenda pamoja. Kiwambo kikishuka, sakafu nayo inashuka kidogo kukipokea. Ukitoa pumzi, vyote viwili vinapanda. Kutwa nzima, hata ukiwa umelala. Mimi nilikuwa nimezizuia zote mbili, moja haishuki vizuri, nyingine haipandi vizuri.

Nikamuuliza habari ya kufunga tumbo. Akachukua chupa ya maji iliyokuwa mezani, akalegeza kifuniko, akaigeuza kichwa chini juu ya beseni. Haikutoa kitu, tone moja moja. Halafu akaibana katikati kwa mkono. Maji yakachuruzika. "Kifuniko ndiyo ile sakafu, mama. Ukibana katikati, na pumzi umeifungia juu, nguvu itakwenda wapi?" Nilikuwa nakuona wewe umeegemea goti langu, na mimi navuta kanga.

Nikamwambia kuhusu majanini na "bana pumzi". Akasema kila tunapojikamua vile, iwe kwenye mzigo iwe chooni, ile sakafu inasukumwa. Siku moja inavumilia. Ikisukumwa kila siku, na imetoka kwenye uzazi bado haijapona, inachoka.

Akanipa kazi ya kufanya nyumbani. Nimeifanya nimefunga mlango kama leo, ndiyo maana mara nyingine mnanikuta nimejifungia. Unalala chali, magoti juu, mikono kwenye mbavu. Unavuta hewa kwa pua polepole, mbavu zifunguke kwa pembeni kama mwavuli, tumbo lipande lenyewe, na kule chini uachie, usikaze kitu. Halafu unatoa kwa mdomo, taratibu, kama unapuliza kaa la moto lisizimike, na hapo ndipo unapoinua kule chini kidogo, kama mtu anayezuia ushuzi mbele ya padri. Ni maneno yake hayo, siyo yangu. Bibi yako alinisikia napuliza siku moja akadhani nimepata pumu, akaniletea maji ya tangawizi ya moto mpaka mlangoni.

Sitakudanganya kwamba nimepona. Mgongo umepungua. Usiku naamka mara chache. Ndoo nainua huku natoa pumzi, na siku nyingi narudi kisimani mkavu. Wiki iliyopita Deo alinichekesha na habari zake za abiria aliyepanda na mbuzi, nikacheka yote, mpaka mwisho, ndipo nikakumbuka kushtuka. Kushtuka kwenyewe hakukuwa na sababu. Ni hayo tu niliyopata mpaka sasa, na kwangu ni mengi.

Sasa sikia linalonikosesha usingizi.

Kesho unalala mjini. Keshokutwa ndiyo gari linawapeleka kwenye geti la kupandia mlima, siyo hili la kwetu. Kesho siku nzima huna kazi. Nimempigia yule binti wa mazoezi. Nilimwambia kuhusu uzazi wako, mkanda, gunia, mlima. Nilimuuliza, abebe au asibebe? Akasema, "Mama, sijamwona, siwezi kusema. Wanawake hawafanani. Mwingine ile sakafu imelegea, mwingine imekaza kupita kiasi, na huyo ukimwambia akaze unamharibu. Aje kwanza nimpime." Atakuwepo kesho mpaka mchana. Jina lako analo. Ukifika mapokezi uliza chumba cha mazoezi ya viungo, kiko nyuma, baada ya ngazi.

Najua unachokiogopa, kwa sababu na mimi nakiogopa. Atakuambia usubiri. Na ukisubiri, nafasi yako atapewa mwingine. Nimekuona ulivyomfuatilia kiongozi wa wagumu karibu mwaka mzima, alivyokuwa anakucheka, anakuambia kina mama wakauze maparachichi. Nimeona ulivyoshona upya ule mkoba wa marehemu babu yako. Nimeona pia unavyomwangalia Neema ukiwa unafikiri hakuna anayekuona. Kazi hii siyo mchezo kwako, na mimi siichukulii mchezo.

Ningeweza kukuzuia. Nikimwambia baba yako neno moja tu la hizi kanga, huendi. Angekwenda mwenyewe kukurudisha kutoka mjini, na angeshukuru kupata sababu. Leo mchana nilimpelekea chai kwenye kahawa, nikasimama pale na kikombe. Akaniuliza, "Una neno?" Nikasema sina. Akaniuliza tena. Nikamwambia chai itapoa. Kama nimekosea kunyamaza, nimekosea, na ukipatwa na jambo huko juu nitaishi nalo. Lakini mwili ni wako. Mimi nilishaufunga mara moja bila kukuuliza, na uliponiambia kinachoendelea humo ndani nikakubishia. Safari hii nakuambia ninachokijua, halafu nakuachia.

Ukienda na akasema ubebe, nenda, na ufanye atakavyokuelekeza. Akisema usubiri, rudi nyumbani. Usizunguke mjini kwa aibu. Rudi, panda na hilo sweta lako, ingia kwa mlango wa mbele. Baba yako akiuliza, usijibu kitu, niachie mimi. Nitamwambia habari yangu, siyo yako. Nitamwambia kwa nini niliacha kwaya, na kwa nini nimekutuma hospitali. Naogopa sana kumwambia, Felista. Lakini nimeamua. Hata usiporudi nitamwambia, siku yake ikifika.

Na kama hutakwenda, maana najua kichwa chako kinafanana na cha nani, basi nifanyie haya. Fungua huo mkanda kabla hujafika getini. Tumbo liachie litembee na pumzi yako, hata wageni wakiliona. Ukiinua mzigo usifungie pumzi. Anza kuitoa kabla mzigo haujaacha ardhi, na endelea kuitoa ukiwa unainuka. Wenzako wakicheka kwamba unapuliza, wacheke. Kikohozi cha kule juu usikidharau, mweleze kiongozi mapema. Na ukisikia uzito kule chini, kama kitu kinataka kutoka, tua. Tua hapo hapo, hata kama ni katikati ya njia na watu wanakupita. Mimi sikutua hata mara moja, nikafika nyumbani na majani yangu yote, na sikuona aliyenipongeza.

Neema nitamtunza, hilo usiliwaze. Jioni atakula, atalala na bibi, asubuhi atakuulizia na nitamwonyesha mlima.

Mbwa anabweka kule chini, nadhani ni wewe unapanda. Nakomea hapa.

Kesho nijibu upesi. Usingoje usiku, usingoje mpaka upate vocha, azima simu ya mtu yeyote. Na usiniandikie "poa mama" kama ulivyozoea, sitaielewa. Andika umekwenda, au andika hukwenda. Vyovyote vile nitapokea. Simu nitakuwa nayo hata kwenye banda nikikamua, na sitaiweka chini mpaka iite.

Ni mimi mama yako,
Agripina